Kura ya Mhandisi Si Mali ya Mwajiri

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa penye wengi pana mengi. Ajabu ni kwamba katika baadhi ya kampuni kubwa zaidi duniani, wengi wapo ila mengi hayasikiki. Nazungumzia kampuni za teknolojia zilizojikita katika jimbo la California nchini Marekani, hususan eneo liitwalo Silicon Valley. Huko ndiko zinakoundwa programu ambazo wengi wetu huzifungua hata kabla ya kunawa uso asubuhi. Swali ninalonuia kulijadili ni hili: je, mfanyakazi wa kampuni hizo anaweza kuwa na msimamo wa kisiasa usiokuwa wa wenzake bila hofu ya kumwaga unga?

Yamkini msomaji atauliza, wanafunzi wa Kiswahili wana nini na siasa za wahandisi wa Marekani? Wanayo mengi. Mhandisi huyo na wenzake ndio wanaoandika kanuni zinazoamua ni ujumbe upi utasambazwa na upi utafutwa, ni neno lipi litaitwa chuki na lipi litaitwa maoni. Iwapo wote walioketi kwenye meza hiyo wanatazama kwa jicho moja, basi nasi tulio mbali tunatazamwa kwa jicho hilo hilo.

Si siri kwamba wafanyakazi wa sekta hii huegemea upande mmoja. Sheria ya Marekani humtaka mtu anayemchangia mgombea wa urais au wa bunge la kitaifa zaidi ya dola 200 atajwe hadharani pamoja na jina la mwajiri wake. Kwa miaka mingi orodha hizo zimeonyesha kuwa sehemu kubwa mno ya michango ya wafanyakazi wa kampuni hizi imekwenda kwa chama cha Democratic. Hilo si kosa. Wengi wao ni wahitimu wa vyuo vikuu, wanaoishi katika miji ambayo ni ngome ya chama hicho. Kosa huanza pale wengi wanaposahau kwamba wachache pia wamo ofisini.

Tuchukue mifano. Mnamo Machi mwaka wa 2014, Brendan Eich, mtaalamu aliyebuni lugha ya kompyuta ya JavaScript, aliteuliwa kuwa afisa mkuu mtendaji wa Mozilla. Ilikumbukwa kwamba mwaka wa 2008 alikuwa ametoa dola 1,000 kuunga mkono kura ya maoni ya California iliyopinga ndoa za jinsia moja. Malalamiko yalizuka ndani na nje ya kampuni, naye akajiuzulu hata kabla ya kutimiza wiki mbili katika wadhifa huo. Agosti mwaka wa 2017, Google ilimpiga kalamu mhandisi James Damore. Alikuwa ameandika waraka uliodai kwamba kampuni hiyo huwanyamazisha wahafidhina, na kwamba tofauti za kimaumbile zinaeleza kwa kiasi fulani uchache wa wanawake katika kazi hiyo. Mwaka uliofuata, mhandisi mmoja wa Facebook aliwaandikia wenzake kulalamika kwamba kampuni yao haivumilii fikra tofauti. Zaidi ya wafanyakazi mia moja walijiunga na kikundi alichokianzisha.

Msomaji anaweza kudhani kwamba nawatetea wahafidhina. La hasha! Hebu tutazame upande wa pili wa sarafu. Mnamo Aprili mwaka wa 2024, wafanyakazi wa Google waliketi katika ofisi za kampuni hiyo huko New York na Sunnyvale kupinga mkataba wa Nimbus, ambao Google na Amazon zilitia saini na serikali ya Israeli mwaka wa 2021. Wafanyakazi 28 walifutwa kazi kwanza, na wengine wakafuata. Kampuni ilieleza kwamba walivuruga kazi ya wenzao, na mkuu wake, Sundar Pichai, akawakumbusha wafanyakazi kwamba ofisi si uwanja wa kupigania siasa. Ilhali miaka sita tu awali, mwaka wa 2018, maelfu ya wafanyakazi wa kampuni iyo hiyo walitia saini barua ya kupinga mradi wa kijeshi ulioitwa Maven, na kampuni ikakubali kutouendeleza mkataba wake ulipokwisha.

Kisha upepo ukageuka. Mnamo Januari mwaka wa 2025, Mark Zuckerberg, Jeff Bezos na Pichai walihudhuria kuapishwa kwa Rais Donald Trump. Mwezi uo huo, kampuni ya Meta ilitangaza kusitisha mpango wake wa kutumia wahakiki wa ukweli kutoka nje nchini Marekani, na ikavunja mipango yake ya kukuza uanuwai kazini. Aliyekuwa akinong'ona jana leo anapaza sauti, na aliyekuwa akipaza sauti jana leo ananong'ona.

Hapa ndipo ulipo msingi wa hoja yangu. Wengi hudai uhuru wa maoni pale tu wanapobanwa wao. Mhafidhina aliyelia mwaka wa 2017 hakusikika akiwatetea waliofutwa mwaka wa 2024, na aliyelia mwaka wa 2024 huenda alipiga makofi mwaka wa 2017. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Maadamu kinga ya mfanyakazi inategemea upande anaoupenda mwajiri kwa msimu huo, hakuna aliye salama.

Kuna wanaosema kwamba dawa ni kupiga siasa marufuku ofisini. Mwaka wa 2020 Brian Armstrong, mkuu wa kampuni ya Coinbase, aliamua hivyo na kuwapa kiinua mgongo wasiokubaliana naye. Wafanyakazi wapatao 60, yaani takriban asilimia 5, waliondoka. Hoja yake ina uzito, kwani mtu huajiriwa afanye kazi. Hata hivyo, kampuni inayoamua wanasiasa waseme nini mbele ya mabilioni ya watu haiwezi kudai kwamba siasa imebaki nje ya lango. Kuwanyamazisha wafanyakazi hakuiondoi siasa. Kunaiacha mikononi mwa wakuu pekee.

Wengine husema kwamba yapo maoni yanayowajeruhi wenzetu. Nalikubali hilo bila kusita. Mwanamke anayeandika programu hapaswi kwenda kazini kila asubuhi akithibitisha upya kwamba akili yake inatosha. Lakini lazima tutofautishe mambo mawili: jinsi mtu anavyomtendea mwenzake kazini, na jinsi anavyopiga kura au kutoa mchango wake akiwa nje ya kazi. La kwanza mwajiri ana haki ya kuliwekea mipaka, mradi mipaka hiyo iwe ya wote. La pili halimhusu ndewe wala sikio. Kwa kipimo hiki, Damore alikuwa na kesi ya kujibu, kwa kuwa aliandika kuhusu wenzake akiwa kazini. Eich hakuwa nayo.

Sheria zinasemaje? Katiba ya Marekani huizuia serikali, wala si mwajiri wa kibinafsi, kuminya uhuru wa kusema. Sheria yao ya Haki za Kiraia ya mwaka wa 1964 inataja rangi, dini na jinsia, ila haitaji msimamo wa kisiasa. California imejitahidi kuziba pengo hilo kwa kumkataza mwajiri kuzidhibiti shughuli za kisiasa za wafanyakazi wake. Katika jambo hili sisi Wakenya tumeitangulia sheria hiyo ya kitaifa ya Wamarekani. Kifungu cha 5 cha Sheria yetu ya Ajira ya mwaka wa 2007 humkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya maoni yake ya kisiasa, na kifungu cha 46 kinasema kwamba maoni hayo si sababu halali ya kumwachisha kazi.

Lakini sheria iliyo kwenye karatasi na maisha ya ofisini ni vitu viwili. Mnamo Agosti mwaka wa 2022 nilikuwa katika mafunzo ya nyanjani kwenye kampuni moja ya programu jijini Nairobi, nikitafsiri maelezo ya programu ya simu kwa Kiswahili. Msimamizi wetu alituagiza tuache siasa langoni. Tukatii, au tukadhani tumetii. Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, hakuna aliyeniuliza nilimpigia nani kura. Jina langu la pili lilikuwa limeshanipigia. Wapo waliohamia meza nyingine wakati wa chakula cha mchana, na wapo walionijia wakitabasamu kama ndugu. Wote walikuwa wamekosea, lakini sikuthubutu kuwaambia, kwa kuwa mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu na nilitumai ungeongezwa.

Kimya kile ndicho kilichonifunza kwamba marufuku ya siasa haileti amani. Huleta ubashiri tu, na kila mtu hubaki akimhukumu mwenzake kwa kosa ambalo huenda hakulitenda.

Wanafunzi wenzangu, baadhi yetu tutaajiriwa na kampuni hizi au na vitawi vyake vilivyopo nchini, tuwe wafasiri, wahariri au wahakiki wa maudhui. Nasi tuingie tukiijua haki yetu, na tuwe tayari kumpa haki iyo hiyo yule ambaye kura yake inatuudhi. Akinyamazishwa yeye leo nasi tukanyamaza, kesho mwajiri akibadilisha upande, nani atabaki wa kututetea?