Hita ya Maji: Kinachokufa ni Tangi

Maji ya moto yakikosekana bafuni, washauri huwa wengi. Huyu anasema hita itupwe, yule anasema ichomelewe. Nazungumzia hita za umeme zenye tangi, zile zinazotundikwa ukutani au kufichwa juu ya dari, kwa sababu ushauri mbaya juu yake hula fedha na wakati mwingine huhatarisha maisha.

Wanasema maji yasipopata moto, hita imekufa. Si kweli. Ndani mna elementi inayopasha maji na thamostati inayokata umeme joto linapofika kiwango kilichowekwa. Vyote viwili ni vipuri, na fundi umeme huvibadilisha tangi likabaki lilelile.

Wanasema hita inayonguruma italipuka. Mngurumo huo mara nyingi ni ukoko wa chokaa. Maji ya visima vya Unguja na Mombasa hupita kwenye mawe ya matumbawe, yakabeba chokaa inayoganda kwenye elementi na kutuama chini ya tangi. Dawa yake ni kulifungua na kulisafisha.

Cha kuogopwa ni ushauri mwingine, unaotolewa kwa nia njema kabisa: "Valvu inadondosha, izibe." Maji yakipata moto hutanuka, na valvu ya usalama huyatoa matone ili shinikizo lisizidi. Ikidondosha hita inapopasha, inafanya kazi yake. Ikitiririka mchana kutwa, ibadilishwe. Kuiziba kwa plagi, kisha thamostati ikagoma kukata umeme, ndiko kunakoweza kulipasua tangi. Fundi anayekuzibia valvu hiyo usimwite tena.

Maji mekundu nayo husingiziwa hita. Fungua kwanza bomba la maji baridi: yakitoka mekundu pia, kutu iko kwenye mabomba au kwenye tangi la juu ya paa. Yakiwa mekundu yale ya moto peke yake, shuku hita.

Hapo ndipo tunapofika kwa wale wa "lichomelewe tu." Tangi la chuma hupakwa enameli kwa ndani, tena huwekewa fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya chuma. Fimbo ikiisha bila kubadilishwa, kutu huhamia kwenye tangi. Tundu unaloliona nje limeanza kuliwa ndani siku nyingi, na moto wa kuchomelea huunguza enameli iliyobaki pembeni yake. Kausha kwanza viungio na mpira wa elementi, uangalie tone linatoka wapi. Likitoka kwenye mwili wa tangi, nunua hita nyingine. Wanaohesabu miaka 10 na kutupa wanakosea vilevile: hita nyingi hudumu miaka 8 hadi 12, lakini maji ya chumvi hulimaliza tangi mapema, na fimbo inayobadilishwa kwa wakati hulirefushia maisha.

La mwisho ndilo linalonitisha zaidi, kwamba bomba la bafuni kukutekenya kwa umeme ni kawaida ya hita kuukuu. Si kawaida hata kidogo. Huenda elementi imetoboka na waya wa ethi umekatika au haukuwahi kufungwa. Usioge. Zima hita kwenye swichi kuu, mwite fundi umeme apime vyote viwili, na hadi amalize, maji ya kuoga yachemshwe jikoni.