Mtoto Kapanda Basi Lipi?

Shule zinafunguliwa tena huku Marekani, na ndugu zetu wengi wenye watoto wa miaka 5 watampandisha mtoto basi la njano kwa mara ya kwanza. Sisi tulimpandisha wetu miaka michache iliyopita. Alasiri basi likarudi, watoto wa majirani wakashuka, wetu hayumo. Dereva alikuwa mgeni, anashika zamu ya mwenzake, hana analojua.

Shuleni kulikuwa na Mohamed wawili darasa moja. Wetu alikuwa ameingizwa basi la mwenzake, upande wa pili wa mji. Bahati nzuri wilaya yetu hairuhusu mtoto wa chekechea ashushwe bila mtu mzima wa kumpokea. Dereva wa kule hakuona wa kumpokea, akamrudisha shuleni. Sharti hilo tulikuwa tukilinung'unikia kila siku, maana sote tunafanya kazi za zamu.

Pale ofisini wakamuuliza mama yake anaitwa nani. Akajibu, "Mama Mudi." Na baba? "Baba Mudi." Na wewe? "Mudi." Kwenye karatasi zao hakuna Mudi hata mmoja. Namba ya simu waliyokuwa nayo ilikuwa ya laini tuliyoiacha mwezi Juni. Ilipita saa moja na nusu kabla hatujamwona.

Wakubwa wa shule walikosea, na tuliwaambia. Kuwapa watoto wadogo wiki ya kwanza kadi ya shingoni yenye namba ya basi si gharama kubwa. Lakini nasi tulikuwa na letu. Kwetu mtoto hatamki jina la mzazi wake, ni utovu wa adabu, na mtaani hakuna haja, kila mtu anajua huyu ni wa nani. Huku hakuna anayejua. Mtoto ajue jina la mama kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu, na namba ya nyumba, hasa mnaokaa kwenye maghorofa yanayofanana kama mapacha. Alijue pia jina lake la shuleni, tena kwa matamshi ya Kizungu, maana akiitwa asipoitika ataandikwa hayupo.

Wasomaji wa Louisville, Kentucky, ambako wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo ni wengi, hawajasahau tarehe 9 Agosti 2023. Wilaya ilikuwa imepanga upya njia za mabasi kwa kukosa madereva. Siku hiyo ya kwanza ya masomo mabasi yakachelewa kwa masaa, na watoto wa mwisho wakafika kwao karibu saa 4 usiku. Shule zikafungwa zaidi ya wiki. Mzazi asiyejua Kiingereza usiku ule angempigia nani? Wilaya nyingi zina wakalimani, lakini mkalimani huombwa mapema, si wakati mtoto amepotea.

Na walioko Ghuba wana lao zito zaidi. Septemba 2022 huko Qatar mtoto wa miaka 4 aliachwa amelala ndani ya basi la shule, joto likamuua. Wizara ikaifunga shule ile. Dereva kutembea mpaka kiti cha nyuma kabla ya kufunga mlango ni kazi ya dakika moja. Mzazi ana haki ya kuuliza kama inafanyika, na asione haya kuonekana msumbufu.

Tunawaomba wiki hizi mbili za mwanzo mtu mmoja nyumbani abadilishe zamu, hata kwa kukopa siku kwa mwenzake kazini. Asubuhi mwandikeni mtoto namba ya basi mkononi kwa kalamu, na muulizeni mwalimu kama la jioni ni lile lile, kwani mara nyingi silo. Na kama mmebadilisha laini ya simu tangu shule zilipofungwa, piteni ofisini kesho kabla ya kwenda kazini.