Pete haivishwi mara mbili

Binamu yako anaoa Jumamosi na umeombwa upige picha. Kabla hujakubali, msomaji, umeliona hilo kanisa lilivyo na giza? Wachungaji wengi hawataki flashi wakati wa viapo. Lenzi nyingi za 18-55mm zinazouzwa pamoja na kamera, ukizivuta hadi mwisho, tundu huishia f/5.6. Ile ndogo ya 50mm f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi, na bei yake si ya kutisha. Ila ukilifungua tundu lote, bi harusi atatokea safi na bwana harusi nyuma yake awe ukungu! Picha ya ukoo mzima ipige nje, kwa ile ya kwanza. Ile nene ya 70-200mm unayoitamani, kodisha. Na pete inapotolewa, usiwe unabadilisha lenzi.