Mfupa Mzito si Mfupa Wenye Nguvu

Ukikaa kaskazini ya Ziwa Kivu, karibu na milima ya moto, umeona watoto wenye madoa ya kahawia katika meno. Watu huwacheka na kusema, "Hawa hawasafishi kinywa." Maneno hayo si ya haki. Madoa hayo yanatoka katika maji, tangu siku meno yalipokuwa yakifanyika ndani ya ufizi. Mlima wa moto, kwa mawe yake na kwa moshi wake, hutia majini madini yanayoitwa floridi.

Floridi kidogo husaidia meno. Lakini Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Maji mengine ya nchi hiyo yanapita mpaka huo.

Tena, tusiangalie meno tu. Jino ni alama. Hatari kubwa imo katika mfupa. Fahamu kwamba mfupa una uzima. Ndani yake mna chembe ndogo sana za namna mbili: nyingine hujenga kama waashi, nyingine hubomoa palipochakaa ili pajengwe upya. Floridi nyingi huwachochea waashi hao wajenge kupita kiasi, nayo yenyewe huingia ndani ya matofali yao. Basi mfupa unakuwa mnene, lakini unavunjika upesi. Miaka mingi ikipita, kano nazo huwa ngumu kama mfupa, na mgongo hukataa kuinama.

Utauliza, "Je, mfupa mnene si mzuri?" Sikia. Huko Marekani waganga waliwapa wanawake wazee wenye mifupa dhaifu dawa ya floridi kwa miaka 4. Matokeo yalitangazwa mwaka 1990: mifupa ya mgongo iliongezeka uzito, lakini wanawake hao walivunjika mikono na miguu kuliko wenzao wasiopewa dawa hiyo.

Usidanganywe na maji meupe. Floridi haina rangi wala harufu. Endelea kuchemsha maji, kwa sababu moto huua vijidudu. Lakini hauondoi floridi. Maji yakipungua katika sufuria, floridi inabaki yote.

Kwa hiyo naona ni kosa kuchimba kisima au kuweka bomba kwa kupima vijidudu peke yake. Ninyi wazee wa kijiji, ulizeni habari ya floridi kabla ya kuyakubali maji. Ikizidi mpaka, tafuteni chemchemi nyingine kwa kunywa na kupika. Maji yale yafulie nguo. Huko Ngurdoto, katika Tanzania, wamefundisha watu kuyachuja kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe. Nawe mama, mnyonyeshe mtoto wako, maana maziwa yako yana floridi kidogo sana, hata kama wewe unakunywa maji hayo.

Mgongo uliokwisha kukakamaa hatuna dawa ya kuulegeza. Basi pimeni maji mapema, watoto wangali wadogo.