Shangazi habebwi na wahudumu



Wifi yangu anaishi Kikatiti, kwenye barabara ya Moshi, ukishapita Usa River na Maji ya Chai. Mwaka wa sita sasa anatumia kiti cha magurudumu. Mwaka jana binti wa kaka yake aliolewa, na usiku wa hina ukapangwa Arusha mjini, ghorofani, kwenye ukumbi wa taa na maua. Shangazi ndiye aliyetakiwa kumpaka biharusi hina ya kwanza. Nilipompigia simu msimamizi kumuuliza habari ya ngazi, alinijibu kwa upole kabisa: "Usijali mama, vijana wapo, watambeba."

Nilinyamaza. Tumealika wanawake watupu, tumekataza simu zisipige picha, tumeweka mtu mlangoni asipite mwanamume hata mmoja. Halafu mgeni wetu wa heshima apandishwe ngazi mikononi mwa vijana wanne wasio maharimu zake, mmoja kamshika kwapani, buibui linapanda! Na akitaka kwenda chooni je? Waitwe tena? Wifi mwenyewe aliumaliza mjadala: alisema ana mafua. Hakuwa na mafua. Hina ya kwanza alipaka mtu mwengine.

Tangu siku ile nakataa jambo hili kuitwa huruma. Ni stara, na stara biharusi wa Kiislamu huipangia kabla hajachagua nguo. Aya ya 61 ya Suratun-Nur inawataja kipofu, kiguru na mgonjwa pamoja na ruhusa ya kula majumbani mwa jamaa, na nyumba za mashangazi zimo humohumo. Wamo kwenye shughuli, hawakusahauliwa. Sheria nazo zipo: Bara ile ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na sisi Zanzibar tulitangulia kutunga yetu mwaka 2006. Lakini saa mbili usiku, mbele ya ngazi kumi na nane, sheria haikupandishi.

Kwa hiyo, shoga yangu, usitoe arubuni ya ukumbi kwa picha za simu. Nenda na futi ya fundi. Mlango upate walau sentimita 80. Usiupime ule mkubwa wa mbele tu, pima wa choo, maana hapo ndipo wengi hukwama. Ndani ya choo kiti kinahitaji kama mita moja na nusu ili kigeuke. Na ukiambiwa "tutaweka ubao kwenye ngazi", fanya hesabu: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko. Ngazi moja ya sentimita 15 inakula mita 1.8. Ngazi tatu, mita 5.4. Ubao wa mlango uliolazwa kwenye ngazi tatu ni mtego.

Arusha watu wanapenda bustani, na utadhani bustani haina matatizo kwa sababu haina ngazi. Jaribu kusukuma kiti juu ya kokoto. Jaribu juu ya majani mwezi wa Aprili, masika yamekolea, magurudumu yanazama na shangazi ana tope hadi kwenye kanga. Uliza njia ya saruji inafika mpaka wapi. Juni na Julai baridi ya Meru si mchezo, na anayekaa bila kutembea huisikia zaidi. Mkae ndani, au awe na shuka zito miguuni.

Usafiri upangwe na mtu mmoja, tena mwanamke anayemjua. Daladala ya Kikatiti si ya kutegemea usiku, na bajaji kiti hakiingii vizuri. Noah ya kukodi inafaa: mlango wa kuvuta, kiti cha magurudumu kinakunjwa nyuma. Dereva akubaliane na saa ya kurudi kabla ya kuondoka, asije akawa anapigiwa simu mgeni yuko kizani. Mtoke mapema, Magharibi iwakute mmeshafika. Anayeshindwa kusimama huswali amekaa, hilo halina mjadala. Linalotakiwa ni maji ya udhu anayoyafikia mwenyewe na pembe tulivu isiyo nyuma ya spika.

Na sisi wa Mji Mkongwe tusiwacheke watu wa Arusha. Milango yetu ya nakshi tunayojisifia, hesabu vizingiti na ngazi za mawe mbele yake. Nyumba ngapi za shughuli hapa Unguja angeingia wifi bila kubebwa?

Najua mtasema ukumbi wa chini haupendezi kwenye picha. Huenda. Mimi nimeziangalia picha za usiku ule mara nyingi, zimependeza, na kila nikiziangalia namtafuta mtu ambaye hayumo.

Binti yangu anaolewa Mfunguo Mosi, inshaallah. Futi nimeshanunua. Juzi nilimpigia wifi nikamwambia ukumbi achague yeye, mimi nitalipa. Akacheka, kisha akauliza, "Choo umeshakipima?"