Hitilafu ya umeme? Tuonyesheni ushahidi!

Jamani, nimechoka. Duka likiungua hapa Kenya, majivu hayajapoa, tayari tunaambiwa "ni hitilafu ya umeme". Ni kama fundi wa kompyuta anayesingizia virusi kila mashine ikizima!

Hebu fikirieni. Mshumaa ukiwasha pazia, joto huyeyusha plastiki ya nyaya, shaba zikagusana, shoti ikapiga. Hapo shoti ni matokeo ya moto, si chanzo. Ndiyo maana shaba iliyoyeyuka peke yake haithibitishi kitu. Mhandisi mchunguzi hufuata nyaya: shoti ilipiga wapi, swichi ipi ilijikata, moto ulianzia wapi. Mwongozo wa Marekani, NFPA 921, katika toleo la 2011 ulikataa waziwazi hoja ya "hatukuona chanzo kingine, basi ni hiki".

Hapa kwetu mara nyingi mabaki husombwa upesi. Kisha kampuni ya bima ikisema nyaya zako zilikuwa mbovu, utajibu nini? Ukiunguliwa, usifagie! Piga picha, linda boksi la mita na swichi, dai mhandisi asiyelipwa na upande wa pili.

Ama mnasemaje?