Kikaango cha chuma kisidharauliwe

Tukizungumzia afya ya familia huwa tunataja kile kinachopikwa: mboga za majani, maharage, dagaa. Chombo cha kupikia tunakisahau. Tukifika sokoni tunachagua kile kinachong'aa na chenye bei ndogo, na kile kikaango cheusi cha chuma kilichofuliwa kwa nyundo tunakiita cha kizamani. Kwa maoni yangu, hapo tunapoteza kitu cha thamani.

Chakula kinachopikwa katika chombo cha chuma huchukua kiasi kidogo cha madini ya chuma, hasa kikiwa na uchachu kama wa nyanya au ndimu. Mwili huyahitaji madini hayo ili kutengeneza damu. Uchunguzi uliofanyika Ethiopia na kutangazwa mwaka 1999 uliwafuatilia watoto wadogo kwa mwaka mmoja. Wale ambao chakula chao kilipikwa katika vyungu vya chuma walipungukiwa damu kidogo kuliko wenzao waliopikiwa katika vyungu vya alumini. Sote tunajua jinsi upungufu wa damu unavyowasumbua akina mama wajawazito na watoto wetu.

Kuna na upande wa pili. Baadhi ya vyombo vya alumini vinavyomiminwa mitaani hutengenezwa kwa vyuma chakavu vya kila aina, vikiwemo vipande vya injini. Mwaka 2017 watafiti walitangaza matokeo ya kupima vyombo 42 vya namna hiyo kutoka nchi 10, zikiwemo Kenya na Tanzania. Baadhi vilitoa madini ya risasi kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, wala huwezi kuiona au kuionja. Sisemi kila sufuria ya alumini ina sumu. Nasema kung'aa si dalili ya usalama.

Lakini hata chuma kina mashaka yake, kwa hiyo tuchague kwa makini. Mafundi wetu wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Kamukunji, Nairobi, wana mikono yenye ujuzi. Tuwaulize bila haya: "Fundi, bamba hili limetoka wapi?" Likiwa limetokana na pipa lililobeba dawa za mashamba au kemikali nyingine, tukiache chombo hicho. Tusinunue pia kikaango cha bati la kuezekea. Bati hilo limepakwa zinki, na zinki ikiingia katika chakula chenye uchachu inaweza kuleta kichefuchefu na kutapika. Kikaango kilichopakwa rangi upande wa ndani nacho hakifai.

Chagueni kilichofuliwa kutoka bamba moja zito, kisicho na nyufa. Kiwekeni juu ya meza muone kama kinayumba. Mpini uwe umepigwa ribiti au kuchomelewa kwa chuma, usiwe umeunganishwa kwa risasi.

Mkifika nyumbani, msikipikie mara moja. Kisugueni kwa maji ya moto na sabuni, kisha kikausheni motoni. Kipakeni mafuta ya kula kidogo sana, ndani na nje, mkifute kwa kitambaa, halafu kichomeni mahali penye hewa mpaka moshi uishe. Rudieni mara tatu au nne. Kitakuwa cheusi na laini, na mayai hayatashika sana.

Baada ya kupika, kioshwe kingali na joto kidogo, kikaushwe juu ya moto, kisha kipakwe tone la mafuta. Kisilowekwe maji usiku kucha, wala chakula kisilazwe humo. Kutu ikitokea, msikitupe. Isugueni kwa mchanga au waya wa kusugulia mpaka iishe, mkioshe, mkinyweshe tena mafuta kama mwanzo.

Wengine watasema kikaango hiki ni kizito na bei yake ni kubwa. Ni kweli. Lakini kikitunzwa, mama anaweza kumwachia binti yake, na binti akamwachia mjukuu. Cha bei rahisi kinachotoboka kila mwaka ndicho kinachokula fedha zetu. Na akina baba wasiseme hayo ni mambo ya jikoni tu, kwani damu ya watoto ni jukumu la wazazi wote wawili.

Hata hivyo, kikaango si dawa. Mjamzito aendelee kumeza vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki. Mtoto aliyepauka viganja na midomo, au anayechoka upesi, apelekwe zahanati apimwe damu. Mwenye ugonjwa wa selimundu, na hasa aliyeongezewa damu mara nyingi, amwulize daktari kwanza, maana mwilini mwake madini ya chuma yanaweza kuzidi. Nasi sote tule chungwa au embe pamoja na chakula, na chai tuinywe baadaye, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Basi, safari ijayo sokoni, tusipite mbele ya fundi wa chuma tukiwa tumegeuza uso. Tusimame, tuulize, tuchague.